Mstari Hauna Shoka

Hivi wewe umewahi kuona kazi ambayo mtu halimi, hajengi, hauzi wala hatibu, anatoa shauri tu, na akishatoa shauri anafunga mizigo anaondoka, na bado analipwa kuliko waliolima na kujenga? Kama hujaona, basi hukuwapo Mpanda miaka ile ya hamsini, treni ikiwa bado mpya na watoto wakikimbia kuitazama kila ikipiga honi. Kazi hiyo ilikuwapo. Wenyewe waliiita kampuni ya ushauri. Wazungu wake walikaa kwenye mahema ya turubai mwisho wa Misunkumilo, pale nyumba zilipokwisha na mashamba ya mihogo kuanza, na shauri waliloitiwa lilikuwa la maji. Mji ulikuwa umekua, mgodi unakunywa maji mengi, na kila kiangazi visima vinabaki tope. Serikali ikataka kujua kama maji yanaweza kutolewa upande wa Ugalla yakaletwa kwa bomba mpaka mjini.

Bibiana aliyajua hayo kuliko majirani zake, kwa sababu mumewe Thadei alikuwa nyapara wa mstari. Mstari ulikuwa hivi: mzungu anasimamisha darubini yake juu ya miguu mitatu, anafumba jicho moja, anatazama msituni, anainua mkono. Kila kinachosimama mbele ya jicho lile lazima kianguke, uwe mti, kiwe kichaka, mpaka mwenye bendera kule mbele aonekane. Vibarua wanakata, nyapara anawasimamia. Mstari haupindi. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza. Sheria ya pili, mtu wa kampuni hasemi na wenyeji habari za kazi. Akiulizwa jambo asikubali, asikatae, awaambie waende ofisini.

Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyomtoa Damiano, nyapara wa kabla ya Thadei. Kigingi cha kampuni kilikuwa kimepigwa juu ya kaburi la watu. Wenye kaburi walipokuja wakilia, Damiano akaking'oa kile kigingi, akawaambia, "Kosa ni letu, mtusamehe." Bwana, mzungu mkubwa wa kampuni, aliposikia alimvua unyapara palepale barabarani, na buti akamvua, maana buti zilikuwa mali ya kampuni. Damiano akarudi mjini peku, soksi kazishika mkononi, watu wanamtazama. Buti zile ndizo alizopewa Thadei. Zilimbana vidole, lakini alizivaa.

Usidhani kazi yenyewe ilikuwa taabu tupu. Ilikuwa na utamu wake. Jumamosi lori la kampuni lilimshusha Thadei mlangoni kwake, si njia panda. Alirudi na maziwa ya kopo, na sabuni ya kipande kizima, na mara moja alileta mwavuli uliovunjika ubavu mmoja ambao Bibiana aliufunga kwa uzi, akawa anakwenda nao kanisani. Dukani kwa Halfani, mkewe Rabia alianza kumsogezea kigoda Bibiana, yeye ambaye zamani alimhudumia mwisho. Bibiana alikipenda kile kigoda. Alikuwa mwanamke mwenye mikono iliyochanika kwa jembe, na alikuwa ametamani bati juu ya nyumba yake tangu alipoolewa. Sasa bati lilianza kuonekana, kwa mbali, kama mtu anayekuja barabarani.

Kero ilikuwa kwenye maswali. Kila Thadei alipokaa barazani, watu walimzunguka.

"Nyapara, maji lini?"

"Sisi hatuleti maji. Sisi tunatoa shauri."

"Haya, shauri lini?"

"Likiwa tayari."

"Na likiwa tayari, maji yanakuja?"

"Hilo si letu. Tunaweza kushauri yaje, tunaweza kushauri yasije."

Halfani alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi na mimi nifungue duka la hivyo. Mteja anakuja kununua chumvi, namshauri asile chumvi, ananilipa, anakwenda zake."

Watu walicheka. Thadei naye alicheka, lakini Bibiana aliyekuwa anapeta mchele pembeni aliona shingo ya mumewe imesimama.

*

Jumamosi moja Thadei alileta asali. Ilikuwa kwenye debe la mafuta lililokatwa juu, na lori lilipomshusha aliliweka chini haraka kama linamuunguza.

"Ya watoto," alisema. "Bwana kagawa kambini."

Bibiana alikuwa mtoto wa mzee wa mizinga. Kwao, upande wa Ugalla, alikuwa akiamshwa na harufu ya moshi kwenye nguo za baba yake. Alifunua debe, akatazama. Ile haikuwa asali iliyorinwa, ilikuwa imechotwa kwa sepetu. Masega mazima na yaliyopondeka yalikuwa pamoja, na watoto wa nyuki weupe wamesagika humo kama ubongo, na majivu, na maganda ya mti, na nyuki wakubwa wamekufa miguu juu. Kipande cha jani la tumbaku kilielea katikati. Mtu alikuwa ametema humo.

"Hii imerinwa na nani?" aliuliza.

"Si nimekwambia ni ya kambini?"

"Nyuki hawakai kambini, baba Generosa."

Thadei akainama kufungua kamba za buti. Kwenye soli kulikuwa na nta iliyokanyagwa ikashikana na mchanga, na nyuki wawili watatu wamebandikwa humo. Aliziacha mlangoni, akaingia ndani kulala. Muda si mrefu sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka uani mpaka kwenye zile buti, na kutoka kwenye buti wakaingia ndani. Bibiana akawafagia. Wakarudi.

Angeweza kuitupa ile asali. Alifikiri kuitupa. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kusimama pale, Generosa akiwa kambeba mdogo wake mgongoni, macho yote kwenye debe. Bibiana akachukua kitambaa cha kuchujia, akakamua, akapata kitu kama asali, akawapa. Kikombe kimoja akampelekea Rabia, kulipa fadhila ya kigoda. Na yeye mwenyewe akalamba kidole. Ilikuwa na uchungu wa majivu. Akalamba tena.

*

Baba yake alifika katikati ya wiki kwa treni ya kutoka Ugalla. Mzee Ubaldo hakuwa mtu wa treni, alikuwa mtu wa miguu, na Bibiana alipomwona anakuja uani na vumbi la makaa kwenye nyusi alijua kuna msiba.

"Shikamoo baba. Kuna nani aliyekufa?"

"Marahaba, mwanangu. Hajafa mtu."

Hakuingia ndani. Bibiana alimtolea mkeka, akaukalia ukingo tu. Akamletea uji, akaukataa kwa mkono. Maji akanywa. Ndipo Bibiana alipoelewa, kabla mzee hajafungua mdomo, kwa sababu alikuwa amewahi kumwona baba yake hivi mara moja utotoni.

Kwao watu wa mizinga walikuwa na desturi. Mti wenye mzinga ni kama mlango wa nyumba ya mtu, huugusi. Ikitokea umeuangusha, kwa moto au kwa shoka au kwa ujinga, hutumi mtu, hutoi kuku, hupeleki kitu. Unakwenda mwenyewe kwa mwenye mzinga, unasimama uani kwake, unasema, "Ni mimi." Basi. Akishakusikia anakuonjesha asali ya mzinga mwingine, na yamekwisha. Usipokwenda, mwenye mzinga anakaa kama mfiwa. Hali chakula cha nyumba ya mtu yeyote, anakula cha mkono wake tu, mpaka aliyeangusha aseme. Na mzigo unazidi kuwa mzito kwa huyo aliyenyamaza, kwa kuwa kila anayemwona mwenye mzinga hali chakula cha watu anajua kuna mtu mahali fulani amekalia neno.

Mzee Ubaldo alifungua kifurushi chake cha gome. Akatoa kipande cha gogo la mzinga kilichopasuka. Juu yake kulikuwa na alama ya mwenye mzinga iliyochongwa, mfano wa mguu wa kanga.

"Ule mti mkubwa," alisema. "Alioutundikia mizinga babu yako. Mizinga yote iko chini. Kuna njia imekatwa pale, imenyooka kama kamba, inatoka huku inakwenda kule, haina mtu. Nimeifuata nusu siku. Haifiki mahali."

Bibiana aliusogeza kando ule uji.

"Nikaambiwa ni kampuni ya maji. Nikasema, vizuri, mkwe wangu yuko huko. Yeye atanionyesha wa kuzungumza naye. Nani nyapara wa mstari ule?"

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi wake. Angelitema tu. Badala yake akasema, "Baba, ngoja mwenyewe arudi."

Generosa alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza babu yake anavyokataa uji. Alikuwa mtoto mwenye huruma. Akaingia ndani, akatoka amekumbatia debe, akaliweka kwenye magoti ya mzee.

"Babu, kama hutaki uji kuna asali. Baba katuletea. Imebaki kidogo."

Mzee Ubaldo alitazama ndani ya debe. Aliinama, akanusa. Alichovya kidole, akatoa nyuki mmoja aliyekufa, akamlaza kwenye kiganja, akamtazama muda mrefu. Kisha akalisukuma debe polepole mpaka likatoka kwenye magoti yake. "Ahsante, mjukuu wangu," alisema. "Nimeshiba."

Akakunja mkeka mwenyewe, akauegemeza ukutani. Akachukua kifurushi chake, akavuka njia, akaenda kukaa kwenye baraza ya Halfani. Siku ile nzima alikaa pale, chakula chake mwenyewe, mhogo mkavu, kakiweka kwenye paja. Wateja waliingia na kutoka. Kila mmoja aliuliza kwa nini mzee mwenye mtoto ng'ambo ya njia anakaa baraza ya watu, na Rabia, aliyekuwa bado hajamaliza kikombe chake cha asali, alitazama pembeni.

*

Mistari ya msituni ilikuwa imekwisha wiki ile, kwa hiyo Thadei alirudi jua likiwa bado juu. Alimwona mkwe wake kabla ya kuona mlango wake. Akavuka, akapiga goti kama inavyopasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, baba. Karibu nyumbani."

"Nimekwisha kukaribia. Nina shida, nimeangushiwa mizinga. Nataka unipeleke kwa wakubwa wako."

Thadei alitazama kile kipande cha gogo. Alikitazama kama mtu anayesoma. "Jambo hilo, baba," alisema, "linapelekwa ofisini. Ofisi inapokea malalamiko asubuhi."

Mzee akamtazama. "Ofisini," alirudia. "Haya."

Nyuma ya nyumba, penye jiwe la kufulia, Bibiana alimshika mumewe mkono.

"Ni wewe?"

"Nini?"

"Usiniulize nini. Ule mti. Ni wewe?"

"Mstari ulipita pale."

"Mstari hauna shoka, Thadei."

"Wewe hujui kazi. Darubini ikishaelekea mti, ule mti si wa mtu tena. Nimwambie Bwana apinde mstari? Damiano yuko wapi leo? Anabeba magunia stesheni."

"Alama hukuiona?"

Thadei alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Kuna mambo yanakuja," alisema, akipunguza sauti. "Kampuni inahama. Inakwenda Nyasa, kuna kazi kubwa huko, ya miaka. Wanachukua manyapara wachache, kazi ya kudumu, Bibiana, na nyumba ya kampuni. Ya bati. Wiki hii ndiyo wanachagua. Nikifungua mdomo sasa, ni nani anayevuliwa buti? Ni wao?"

Bibiana alikuwa bado kamshika mkono. Aliposikia bati, ule mkono ulilegea. Alichukia kwamba umelegea, lakini ulilegea.

*

Asubuhi alimpeleka baba yake kambini yeye mwenyewe. Thadei alikuwa ametangulia.

Kambi ya kampuni ilizungushiwa kamba, na kwenye kamba kulikuwa na karani, Eustace, kijana wa kutoka pwani ya ziwa mwenye kalamu mbili mfukoni na nywele zilizopasuliwa njia. Aliwaacha wamesimama juani. Alikuwa anachonga penseli. Alipomaliza ya kwanza akachonga ya pili, ambayo ilikuwa imekwisha kuchongwa.

"Mzee anataka nini?"

"Anataka kuonana na Bwana," alisema Bibiana. "Ameangushiwa mizinga."

"Na nani?"

"Na kampuni."

"Kampuni haiangushi kitu, mama. Uangalie maneno yako."

Bwana mwenyewe alikuwa mezani chini ya turubai, akila. Watu walimwita Bwana Darubini. Hakuwa mkali wa sura, na pengine hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, maana alitabasamu alipowaona, akawaita kwa kidole waingie. Mbele yake palikuwa na mkate na bakuli la kioo. Ndani ya bakuli mlikuwa na asali nzuri, safi, nyekundu kama chai, iliyochaguliwa kabla ya sepetu kufika. Alipaka, akauma. Ilimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akailamba hapo, akajifuta kwa suruali.

Miguuni pake mbwa mnene alikuwa anakunywa maji. Alikuwa anakunywa kutoka kwenye nusu ya mzinga. Gogo lilikuwa limepasuliwa likawa kama hori, na ubavuni, mate ya mbwa yalipokuwa yanachuruzika, palikuwa na mguu wa kanga.

Mzee Ubaldo alikikumbatia kifurushi chake.

"Mzee hapana kaa juani," alisema Bwana Darubini. "Wewe nataka nini?"

Mzee Ubaldo alisema polepole, ili kila mtu asikie. "Nataka mtu aliyekata mti wangu."

Eustace alitafsiri. Bwana alisikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa kama daktari, kisha akasema maneno mengi ya kwao. Eustace akakohoa.

"Bwana anakupa pole. Anasema kampuni haikati miti. Kampuni imeitwa na serikali kutoa shauri. Miti wanakata vibarua."

"Vibarua ni wa nani?"

"Vibarua ni wa kontrakta."

"Na kontrakta yuko wapi?"

"Tabora."

"Yeye ndiye aliyewaambia wakate?"

Eustace akamwuliza Bwana. Bwana akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema tena.

"Anasema kontrakta hajui mstari unapita wapi. Mstari unapangwa na ramani."

"Ramani," alisema mzee. "Basi niitieni ramani."

Vibarua waliokuwa wanakunja mahema walicheka, kisha wakakumbuka wako wapi, wakanyamaza. Thadei alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameshika ile miguu mitatu ya darubini, anaifuta kwa kitambaa, anafuta mahali palepale.

Bwana Darubini aliona mambo yanachelewa. "Nyapara!" aliita. "Wewe kuwa kule. Ile mti nakuwa na mzinga?"

Bibiana alimtazama mumewe, na katika kumtazama alisahau kila kitu alichowahi kutaka isipokuwa kimoja. Mzee Ubaldo naye aligeuka, akamwelekea mkwe wake, mikono imening'inia tayari, kama mtu anayengoja kupokea kitu. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa karibu kumsaidia.

Thadei alifuta mguu wa darubini. "Sikuona, Bwana," alisema.

"Unaona? Yeye hapana ona." Bwana alifungua mikono. Kisha akafikiri jambo jema. Alikata kipande cha mkate, akakipaka asali ile kwa ukarimu, mpaka ukingoni, akainuka mwenyewe kwenye kiti, akamletea mzee. "Mzee kula. Ni zuri sana. Ya hapahapa."

Mzee Ubaldo aliutazama mkate ule mkononi mwa mzungu. Asali ilikuwa inadondoka kwenye vidole vyake vyeupe na kuanguka mchangani, na mbwa akaja kulamba. Bibiana alihisi majivu ya ile aliyolamba yeye yakipanda kooni. Aligeuka, akashika kigingi cha hema, akatapika palepale ndani ya kamba ya kampuni. Eustace alirudi nyuma haraka asichafuliwe viatu.

"Nimesikia," alisema mzee Ubaldo. "Nimesikia vyote. Kwaherini."

Walitembea mpaka stesheni. Kwenye kivuli cha ghala Bibiana alisimama.

"Baba, ile asali tuliila. Na mimi nilikula."

"Najua."

"Na nyapara wa mstari..."

Mzee alimwekea mkono begani. "Hilo si lako kulisema, mwanangu. Wa kulisema yupo."

*

Shauri la kampuni lilitoka wiki iliyofuata. Mji mzima ulijua mapema, kwa sababu Eustace alilisema kwenye pombe. Shauri lilikuwa kwamba maji yapo, lakini ni mbali na gharama ni kubwa, kwa hiyo kampuni inashauri yasiletwe.

"Yaani wametushauri tuendelee na kiu yetu," alisema Halfani barazani kwake. Safari hii hakucheka. "Na msitu wameukata ili wakaone kwamba haukuwa na haja ya kukatwa."

Majirani waliacha kumwuliza Thadei chochote. Rabia hakukisogeza tena kigoda. Hakumnyima chumvi Bibiana, wala hakumtukana, alikiacha tu kigoda pale kilipo, na Bibiana akasimama kama wengine.

Thadei alichaguliwa. Alirudi na sanduku la mbao lililoandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, na koti kuukuu la Bwana Darubini lililomfika magotini. Alilivaa ndani ya nyumba, akageuka mbele ya watoto.

"Sasa tunaondoka kwenye huu uchafu," alisema. "Mama Generosa, funga vitu. Nyumba ya bati hiyo. Si ndiyo uliyokuwa unaililia?"

"Ndiyo," alisema Bibiana. "Niliililia."

Alifunga vitu. Aliweka sufuria, mablanketi na nguo za mumewe kwenye sanduku la mbao. Vyake na vya watoto alivifunga kwenye khanga, kando. Debe la asali alilisugua kwa mchanga, na kwa majivu, na tena kwa mchanga. Lilibaki linanuka. Akaliacha uani, mdomo chini. Thadei alikuwa anajaribu vifungo vya koti, hakuona mafungu mawili. Au aliona, hakusema. Alikuwa amezoea.

Treni iliondoka Mpanda asubuhi, wazungu mbele kwenye viti vyenye mito, manyapara nyuma kwenye viti vya mbao. Thadei alizungumza njia nzima. Alizungumza habari za Nyasa, na mshahara, na kwamba huko hakuna anayewajua. Hilo alilirudia. Dirishani msitu ulikuwa unapita, na mara moja, kwa kitambo cha kufumba jicho, miti ilifunguka na Bibiana akauona mstari. Ulikuwa umenyooka hasa. Ulianza kwenye reli ukaingia mpaka macho yanapokoma, mweupe, na katikati yake magogo yamelala kama watu waliolewa. Thadei alikuwa upande uleule wa dirisha. Akaanza kumfunga mtoto kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa.

Ugalla treni ilisimama kunywa maji. Injini ndiyo iliyokunywa, na ilikunywa sana, bomba nene limewekwa kinywani mwake, maji yakifurika na kumwagika relini, kina mama wa pale wakikinga ndoo zao chini kupata yanayomwagika.

Bibiana alijitwisha khanga yake. Akamwinua Generosa, akambeba mdogo mgongoni, akashuka.

"Unanunua nini?" aliuliza Thadei dirishani. Kisha akaona mzigo. Akaja mbio mpaka mlangoni, koti likimzonga miguu, akasimama kwenye ngazi, buti moja kwenye ngazi ya juu na nyingine ya chini. "Bibiana. Bibiana, panda. Treni haingoji."

"Inakunywa bado."

"Kwa ajili ya mizinga? Mizinga inachongwa. Nitamtumia mzee nauli, nitamtumia nguo, blanketi. Ningejua alichotaka ningempa. Mtu anakuja anakaa kwenye baraza za watu, hasemi bei, hasemi kitu. Alitaka nini yule?"

"Alisema mbele yako."

Mpiga filimbi wa treni alitazama saa yake. Bomba liliondolewa kwenye injini, na maji ya mwisho yakamwagikia mawe. Kule mbele Bwana Darubini alitoa kichwa dirishani kuona nini kinachelewesha, akamwona nyapara wake na mke wa nyapara wake, akarudisha kichwa ndani. Thadei alikuwa amekiona kile kichwa. Akanyanyua buti ya chini, akaiweka karibu na ya juu.

"Na wewe?" alisema, na sauti ilikuwa imepasuka. "Nimekupa mwavuli, nimekupa sabuni, nakupeleka kwenye bati. Wewe ulitaka nini ambacho sikukupa?"

Bibiana alisogea karibu na ngazi ili asilazimike kupaza sauti mbele ya watu. Hata sasa alimsitiri kwa hilo.

"Siku ile kwenye jiwe la kufulia, nilipokuuliza kama ni wewe," alisema, "nilitaka useme ndiyo, ni mimi. Si mbele ya Bwana. Wala si mbele ya baba. Ungeninong'oneza mimi tu, Thadei, ningelibeba sanduku lako kichwani mpaka huko Nyasa."